Nyaraka za Mtetezi wa Vibarua

Waraka ni karatasi yenye maandishi. Zikiwa nyingi twaziita nyaraka. Lakini nyaraka za mtu aliyekwisha kufa zatufaa nini? Hebu tumtazame Ernesto Galarza.

Galarza alizaliwa Mexico mwaka wa 1905, akahamia California angali mtoto. Alifanya kibarua mashambani, akasoma mpaka akapata shahada ya uzamifu. Tangu 1942 hadi 1964 Marekani iliwaleta vibarua wa Mexico kwa mikataba, naye Galarza akawa mtetezi wao. Aliingia kambini mwao, akawauliza juu ya mishahara, chakula na malazi, akayaandika yote.

Tarehe 17 Septemba 1963, karibu na Chualar, treni ya mizigo iligonga gari lililowabeba vibarua hao wakitoka shambani. Walikufa watu 32. Kumbe halikuwa basi hasa! Lilikuwa lori tu, limetiwa mabenchi nyuma. (Sisi wapanda matatu tusicheke.) Kamati ya Bunge la Marekani ilimteua Galarza achunguze, naye akataka kujua ni nani aliyeruhusu watu kupakiwa hivyo.

Alifariki mwaka wa 1984. Barua na ripoti zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford. Basi mjukuu wa kibarua mmojawapo akitaka kujua babu yake alisafirishwa vipi siku ile, anapo mahali pa kuanzia kuuliza.