Ridhaa ya Mwenzi Kabla ya Sadaka: Mwongozo kwa Wanandoa Wakristo Wanaomtumikia Mungu Pamoja

Kijitabu hiki kimetolewa kutokana na malalamiko ya mara kwa mara ya wanandoa ambao nyumba zao ziliuzwa, zilitolewa sadaka au ziliwekwa rehani kwa ajili ya huduma, huku mmoja wao akiwa hajui lolote hadi mnunuzi au mtu wa benki alipobisha hodi. Malalamiko hayo yalisikilizwa kwa uvumilivu mkubwa, na ofisi iliyoandaa kijitabu hiki haioni aibu kusema kwamba ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mapema, ingawa si wengi waliojali. Kwa kuwa wasomaji wengi hawajawahi kuisoma Sheria ya Ndoa, na baadhi yao huiona kuwa ni mambo ya dunia yasiyomhusu mtu aliyeokoka, maelezo yanayofuata yanaanzia mwanzo kabisa.

Kutumika pamoja, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mume na mke kuweka muda, vipawa na mali zao katika kazi ya Mungu kwa kusudi moja walilokubaliana, iwe ni kuhubiri, kufundisha watoto shule ya Jumapili, kutembelea wagonjwa au kufungua nyumba yao kwa ibada ya jumuiya. Neno la kushikwa katika maana hiyo ni kukubaliana, kwa sababu mume mwenye maono na mke anayeburutwa nyuma yake, au mke mwenye maono na mume asiyeambiwa kitu, hawatumiki pamoja hata kama picha zao zimebandikwa kwenye bango moja la mkutano wa injili.

Mfano unaotajwa zaidi makanisani ni wa Priska na Akila, watengeneza mahema waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakakutana na Paulo Korintho, na baadaye wakamfundisha Apolo kule Efeso. Kila wanapotajwa katika Agano Jipya hutajwa wote wawili, na barua za Paulo zinaonyesha kwamba kanisa lilikutana nyumbani mwao. Wahubiri hupenda kusifu ukarimu huo, lakini ni wachache wanaoongeza kwamba haikuandikwa popote kuwa nyumba hiyo ilibadilishwa jina, wala kwamba fundi mahema huyo na mkewe waliacha kazi iliyowapa ugali. Walitoa nafasi nyumbani mwao, na nyumba ikabaki yao.

Simulizi ya pili, ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, hutumiwa vibaya kiasi kwamba ofisi inalazimika kulisemea jambo hili kwa ukali. Wapo viongozi wanaoisoma mbele ya waumini ili kuwatisha wanaosita kutoa kiwanja, ilhali Petro mwenyewe alimweleza Anania kwamba mali ilikuwa yake kabla ya kuuzwa, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa la wawili hao lilikuwa uongo, wala hawakuadhibiwa kwa kubakiza chao. Zaidi ya hapo, Paulo alipowaandikia Wakorintho aliagiza kwamba hata kunyimana unyumba kwa ajili ya maombi kufanyike kwa kupatana na kwa muda tu. Ikiwa siku chache za maombi zinahitaji kauli ya wote wawili, haieleweki ni kwa hoja gani nyumba wanamolala watoto itolewe kwa kauli ya mmoja.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi. Kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke mwenye maslahi katika nyumba ya ndoa, yaani jengo au sehemu ya jengo ambamo wanandoa huishi pamoja kwa kawaida, kuiuza, kuigawa kama zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo. Msomaji azingatie neno zawadi. Sadaka ya nyumba ni zawadi, na kuiita mbegu, nadhiri au shukrani hakuiondoi katika katazo hilo. Aliyepokea nyumba kinyume cha kifungu hiki anaweza kujikuta na mwenzi wa mtoaji akiendelea kuishi humo kwa haki, isipokuwa athibitishe kwamba hakujua na asingeweza kujua hata kama angefanya uchunguzi wa kawaida. Mchungaji aliyefungisha ndoa hiyo kwa mikono yake mwenyewe hawezi kudai kwamba hakujua.

Mkopo wa benki una hatari ileile. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, inadai kwamba rehani ya nyumba ya ndoa iridhiwe na mwenzi anayeishi humo, na mkopaji anayetoa maelezo ya uongo kuhusu kuwapo kwa mwenzi anatenda kosa la jinai. Vyombo vya muziki, mahema ya mikutano na gari la huduma vimenunuliwa kwa mikopo ya namna hii, na baada ya marejesho kushindikana ni familia iliyotolewa nje.

Kuhusu nani anahesabika kuwa mwenzi, ndoa ya kanisani iliyofungwa na mchungaji mwenye leseni baada ya taarifa ya siku 21, ya kiserikali au ya kimila zote zinatambuliwa, na walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mume na mke wana dhana ya ndoa inayoweza kupingwa mahakamani. Sheria ya Ndoa haitumiki Zanzibar. Mengine yaulizwe kwa mwanasheria.

Ridhaa ni kibali kinachotolewa kwa hiari na mtu anayeelewa anachokubali, na njia salama ni kuiweka katika maandishi, kwa lugha anayoisoma, mbele ya shahidi asiye kiongozi wa huduma inayopokea mali, katika siku ambayo si ya mkesha wala ya changizo. Kunyamaza si ridhaa. Kulia madhabahuni si ridhaa. Mke kuitikia amina pamoja na umati mumewe akitangaza kutoa nyumba si ridhaa, na mume aliyeambiwa jambo hilo kwa simu baada ya hati kukabidhiwa hakuridhia chochote. Mwenzi anayeona hatari anaweza kuomba zuio, yaani taarifa inayowekwa kwenye daftari la ardhi ili mali isihamishwe bila yeye kusikilizwa, na mgogoro ukikua wanandoa waende Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Wanaotaka kutoa ardhi kwa kanisa wakiwa wamekubaliana kweli waihamishie kwa wadhamini waliosajiliwa na Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini (RITA), kamwe wasiihamishie kwa jina la mchungaji, kwa maana mchungaji akifariki ardhi hiyo itadaiwa na warithi wake, na waumini watabaki na risiti za saruji.

Ofisi inarudia, kwa kuwa imeonekana kwamba kusema mara moja hakutoshi: nyumba ya ndoa haitolewi na mtu mmoja. Kiongozi yeyote aliyepokea hati ya nyumba yenye kibali cha mmoja tu airudishe kwa wenyewe wiki hii, kisha awaite wote wawili na kuwasikiliza upya.