Pandas ipo, mbona daftari haliioni?

Swali: Nimesakinisha pandas kwenye terminali bila tatizo. Lakini nikifungua daftari la Jupyter ndani ya Visual Studio Code, naambiwa `ModuleNotFoundError`. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea kusakinisha, umeweka mzigo chumba kimoja, unautafuta chumba kingine. Kompyuta moja yaweza kuwa na Python tatu au nne, na kila moja ina stoo yake ya maktaba. Terminali ilitumia moja, daftari linatumia nyingine.

Kwanza, hakikisha. Andika haya katika seli na uiendeshe:

`import sys`
`print(sys.executable)`

Utaona njia ya Python inayoendesha daftari. Ukikuta siyo uliyoikusudia, bonyeza jina la kerneli (yaani Python inayoendesha daftari) lililo juu kulia mwa daftari, kisha uchague mazingira sahihi, yaani ile Python yenye pandas. Kama mazingira hayo hayana kifurushi cha `ipykernel`, kihariri kitakuomba ruhusa ya kukisakinisha, kubali.

Ukitaka kuongeza maktaba, tumia `%pip install pandas` ndani ya seli. Alama ya asilimia hupeleka kifurushi kwenye mazingira ya kerneli inayotumika. Ukiweka alama ya mshangao badala yake, kinaweza kuangukia kwingine.

Kwa siku zijazo, kila mradi upe mazingira yake: `python -m venv .venv` ndani ya folda ya mradi. Mradi mmoja ukihitaji toleo la zamani la maktaba, mwingine hautaguswa.