Hoja yangu ilimgusa asiyehusika

Kwenye jumuiya yetu hapa Kyerwa, Jimbo la Kayanga, tulibishana kuhusu ndoa za jinsia moja. Nikasema kwa kujiamini: "Hawazai, basi si ndoa." Wote wakaafiki. Mama mmoja, mwenye ndoa ya kanisani miaka mingi bila mtoto, akainamisha kichwa.

Nikashtuka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema utasa hauzuii wala haubatilishi ndoa. Kumbe hoja yangu, ukiifuata hadi mwisho, inafuta na ndoa yake! Kanisa lenyewe linaanzia Mwanzo 2:24, mume na mke. Na Katekisimu 2358 inataka watu wenye mwelekeo huo wapokelewe kwa heshima. Hilo nalo hatukuligusa kabisa.

Nilimfuata nje kuomba radhi. "Yaishe, mwanangu," akasema.