Haki ya Mfiwa Baada ya Siku ya Tatu



Kushiriki msiba tunajua. Tunaswali jenaza, tunachanga, tunaomba dua, kisha matanga yanaanuliwa na kila mmoja anarudi darasani. Je, siku ya nne mfiwa ana haki gani kwetu?

Tutazame msiba wa Jaafar bin Abi Talib (r.a.), aliyeuawa shahidi Muuta mwaka wa 8 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani msiba umewashughulisha. Amepokea Abu Daud kwamba aliwaachia siku tatu, kisha akawaendea, akawaita watoto wa marehemu na kumwita kinyozi awanyoe. Katika mapokezi ya Ahmad, mama yao alipotaja uyatima wao, alimtuliza kuwa yeye ndiye walii wao. Basi siku ambayo sisi tunaondoka, yeye ndiyo aliyokwenda.

Tusichanganye mambo mawili. Siku tatu ni mpaka wa hidadi kwa asiyekuwa mume, si mpaka wa huzuni. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika juu ya Yusuf mpaka macho yakawa meupe, naye ni Nabii mwenye subira.

Hili nimeliona Rumonge. Msichana tuliyekuwa tukisalimiana naye tu, mwanafunzi wa uchoraji, alifiwa na baba yake mvuvi, aliyezama ziwani. Mama aliingia eda ya miezi minne na siku kumi. Binti akabaki sokoni kuuza mawese, akasema masomo basi. Mimi na mwenzangu tukawa tunakwenda kila Jumamosi: mmoja anauza, mwingine anakaa naye ufukweni. Wiki za kwanza hakugusa kalamu. Siku moja akauliza kama anaweza kuchora uso wa baba. Nikamweleza nasaha ya Ibn Abbas (r.a.) kwa mchoraji aliyemjia: achore miti na visivyo na roho. Akanyamaza, kisha akaanza kuchora mitumbwi iliyovutwa mchangani, siku za mbalamwezi wavuvi wa ndagala wanapopumzika. Mtumbwi mmoja ulikuwa wa baba yake.

Muhula huu amerudi chuoni. Bado analia, na sasa ni rafiki yetu.

Ndugu yangu, kama kuna aliyefiwa katika darasa lako, usimwambie tu "ukihitaji kitu niambie". Chagua siku, uende, na wiki ijayo urudi tena.

Allah awarehemu waliotutangulia na atujaalie kuwa faraja kwa waliobaki. Amin.