SOMO LA KIKUNDI: NANI ATAKAYELILA YAI?

Leo tujifunze juu ya biashara za msimu, zile zinazoingia kwa kelele na kuondoka na akiba ya watu. Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, halafu kila mmoja asaidie kujibu maswali.

Kware wa mwaka 2013

Mwaka huo Wakenya wengi walikimbilia kufuga kware. Ilisemwa ati mayai yake yanaponya karibu kila ugonjwa, na yai moja liliuzwa hadi shilingi 100. Watu walikopa, wakanunua mashine za kuangulia, wakaenda kuomba leseni ya KWS, kwa sababu kware alihesabiwa ndege wa porini. Kufikia 2014 yai lilikuwa limeshuka hadi shilingi 5, na hata kwa bei hiyo mnunuzi haonekani.

Tupige hesabu. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki 6 au 7 hivi. Basi aliyenunua mayai leo, kabla ya miezi 3 kwisha naye anauza. Tena wanunuzi wengi hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya wanaotafuta mbegu. Wafugaji wapya walipokwisha, soko nalo likaisha.

Hata Marekani yalitokea

Miaka ya 1990, Wamarekani waligombania wanyama wadogo wa kitambaa, vitu vya kuchezea watoto, viitwavyo Beanie Babies. Dukani kimoja kilikuwa kama dola 5. Kampuni ya Ty ilipoacha kutengeneza aina fulani, watu waliamini itakuwa adimu na bei itapanda. Watu wazima wakavifungia kabatini, watoto wasiviguse. Kuanzia 1999 bei ziliporomoka. Kila mtu alikuwa ameweka akiba ya kuuza, na wa kununua hakuna.

Tuangalie kwetu Isiolo

Akina mama wetu hupeleka maziwa ya ngamia Eastleigh, Nairobi, kwa basi. Biashara hiyo ina shida zake: kiangazi maziwa hupungua, na mengine huharibika njiani. Lakini yakifika, mtu anayanywa, na kesho anataka mengine. Mnunuzi wa mwisho anajulikana.

Maswali ya kujadili kabla ya kutoa pesa

1. Nani atakula, atakunywa au atatumia kitu hiki? Tumemwona kwa macho, au tumesikia tu?
2. Anayetuhimiza tuanze, je, ndiye huyo huyo anayetuuzia mbegu na mashine?
3. Vikundi vyote vya jirani vikianza pia, bei itakuwa ngapi?
4. Bei ikishuka nusu, mkopo tutalipa na nini? Ni mbuzi wangapi watauzwa, na wa nani?

Pesa ya kikundi ni karo ya mtoto wa mtu na dawa ya mgonjwa wa mtu. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Swali la kwanza likikosa jibu, pesa ibaki kwenye sanduku. Katibu aandike majibu katika kitabu cha kikundi, nayo yasomwe tena mkutano unaofuata kabla ya kupiga kura.