Juu ya nini bahari ingine inatoa samaki mingi kuliko ingine?



Wamama wenye kuuza samaki ku soko wanatuulizaga mara nyingi: inchi yetu iko na bahari yake kule Muanda, sasa juu ya nini Thomson ya kartoni inatoka mbali, Namibia? Ni swali nzuri. Jibu lake linafaa hata mtu mwenye hajaona bahari hata siku moja, maana ndani yake kuna mambo ya mbolea na upepo, na mwishoni tutafika ku mabwawa yetu ya samaki.

Thomson ndiyo ile samaki wengine wanaita mpiodi, na kwa Kifaransa chinchard. Meli kubwa zinaigandisha palepale baharini, inashushwa Walvis Bay, kisha malori yanapita Katima Mulilo, Livingstone na Ndola mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi. Ile safari inapita kilometa 2,000, na bado kartoni inapata mnunuzi. Lazima kule samaki iwe mingi kweli.

Watu wengi wanafikiri bahari ya samaki ni ile ya maji ya moto na ya bluu, yenye kuonekana mpaka chini. Ni kinyume. Samaki mkubwa anakula mdogo, mdogo anakula vijidudu, na vijidudu vinakula majani madogo sana yenye jicho haliwezi kuyaona. Ile majani ni kama mahindi yetu: inataka jua, inataka na mbolea. Sasa shida ya bahari ni hii. Jua liko juu, lakini kila kitu chenye kufa kinazama na kuozea chini, kwenye giza. Mbolea inalala kule. Ni sawa mtu awe na shamba, lakini udongo wake mzuri umefunikwa chini ya metre 200 za mchanga. Kwa hiyo, tukitaka kujua bahari fulani ni nzuri ao hapana, tunauliza: ni nani anapandisha mbolea?

Kule Namibia ni upepo. Unatoka kusini, unafuata ukingo wa inchi kavu, na unavuma karibu mwaka mzima, zaidi sana upande wa Lüderitz. Kwa sababu dunia inazunguka, yale maji ya juu hayaendi sawasawa na upepo. Yanapinda na kwenda mbali na pwani. Nafasi yao inajazwa na maji ya baridi yenye kutoka chini, pamoja na mbolea yake. Maji ya kule ni ya baridi, mara nyingi digrii 12 mpaka 16, na rangi yake ni ya kijani. Muogeleaji hayapendi, lakini samaki anayapenda. Na ndege pia: mavi ya ndege wenye kula ile samaki yalilundikana kwenye visiwa kama Ichaboe mpaka, katika miaka ya 1840, meli kutoka Uingereza zilikuja kuyachimba na kuyapeleka ku mashamba ya Ulaya. Mbolea ya bahari ilirudi kuwa mbolea ya shamba.

Twende sasa upande wa pili, bahari ya Tanzania na Kenya. Pale maji ni digrii 25 mpaka 30. Upepo wa kusi unasukuma maji kuelekea pwani, haiyatoi, kwa hiyo ya chini hayapandi sana. Mwamba wa matumbawe uko karibu, na baada yake bahari inazama haraka. Wavuvi wanapata changu, tasi, kolekole, nguru, pweza, na kwenye maji marefu kama mlango wa Pemba wanapata jodari na sulisuli. Aina ni mingi, lakini kila aina iko kidogo kidogo. Namibia ni kinyume: aina chache, lakini kila moja ni mamilioni. Moja ni kama pori lenye miti ya kila namna, ingine kama shamba la mahindi peke yake. Na msifikiri bahari nzima ya Hindi ni moja: kule Somalia, kati ya mwezi wa 6 na wa 9, upepo wa kusi unaondoa maji ku pwani na kupandisha maji ya baridi yenye mbolea mingi. Lakini upepo uleule unaleta mawimbi makubwa, mitumbwi inabaki imefungwa. Chakula kiko, mlango umefungwa.

Na yetu ya Muanda? Kwanza ni fupi, karibu kilometa 40 tu, imebanwa kati ya Cabinda na Angola. Mto Congo unamwaga pale maji mingi kuliko mto wowote wa Afrika. Unaleta mbolea, ndiyo, lakini unaleta pia tope yenye kuzuia jua. Wakati wa kiangazi maji ya baridi yanapanda kidogo na samaki inakuja karibu, kisha inaenda tena. Kwa wavuvi wa pale ni bahari ya kuishi. Kulisha miji mikubwa ya inchi haiwezi.

Lakini bahari nzuri, ni nzuri kwa nani? Pwani ya Namibia ni jangwa, mawimbi yake ni makali, na Thomson inalobwa mbali, na meli kubwa. Mtu na pirogi yake hana nafasi. Tanzania inatoa tani chache, lakini zile tani zinapita mu mikono ya maelfu ya wavuvi wadogo, na wamama wenye kukaanga na kuuza. Sisi, kwa macho ya koperative, tunaona hii ya pili haipaswi kuitwa maskini.

Tena, utajiri wa Namibia umeshavunjika mara moja. Kabla ya Thomson, kule samaki mkubwa wa biashara alikuwa sardini. Mwaka 1968 waliloba zaidi ya tani milioni 1. Viwanda vya Walvis Bay vilifanya kazi usiku na mchana, meli za mbali zikajiunga, hakuna mwenye alitaka kuwa wa kwanza kupunguza. Mwisho wa miaka ya 1970 hata tani 100,000 kwa mwaka hazikupatikana. Upepo ulikuwa uleule, mbolea ileile, lakini wazazi wa samaki walikuwa wameisha. Nafasi yao ilishikwa kwa sehemu na Thomson, kwa sehemu na viumbe laini kama mlenda vyenye hakuna mtu ananunua. Baada ya uhuru wa 1990 Namibia ilifukuza meli za kigeni zenye kuloba bila ruhusa na kuweka kipimo cha kila mwaka. Hata hivyo sardini haikurudi vizuri, na mwaka 2018 serikali ikafunga kabisa kuiloba.

Wenye kukaa Uvira, Kalemie na Moba wanaona ni hadithi ya mbali? Ziwa Tanganyika linafanya kazi kwa namna ileile. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, na mbolea inapanda kutoka chini, zaidi upande wa Mpulungu. Ndakala na mikebuka wanaishi na ile mbolea. Njo maana inchi nne za ziwa zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu, tarehe 15 mwezi wa 5 mpaka 15 mwezi wa 8: ni wakati chakula cha watoto wa samaki kinaongezeka. Tunajua kufunga kunauma, zaidi kwa mama mwenye anaishi na beseni moja ya ndakala.

Hapo mabwawa yetu yanaweza kusaidia. Tilapia inachukua karibu miezi sita kufikia ukubwa wa kuuza. Kwenye milima ya baridi inachelewa. Mwenye kuweka vifaranga mwezi wa 11 anavuna mwezi wa 5 ao wa 6, wakati samaki ya ziwa imekosekana.

Lakini muangalie mbolea. Hata Namibia, mara zingine uchafu mwingi unaoza chini, hewa inaisha ndani ya maji, harufu ya yai lenye kuoza inafika mpaka mjini, na samaki wanakufa. Bwawa nalo liko vile. Asubuhi ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukiona kiganja chako vizuri kabisa, mbolea haitoshi. Kama hakionekani hata kwa shida, simamisha mbolea. Na kama samaki wako juu wanatafuta hewa na midomo, ongeza maji mapya siku ileile.