Akiba Haiozi

Katika kilo 100 za bamia mbichi, kilo 90 hivi ni maji. Napenda wasomaji wenzangu waikumbuke hesabu hii, maana ndiyo siri yote ya kuhifadhi mboga. Maji hayo ndiyo yaletayo kuoza, kwa kuwa ukungu na vijidudu haviwezi kusitawi pasipo maji. Tena maji hayo ndiyo mzigo.

Jambo hili nililifahamu vema huko Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nilipokaa likizo kwa mjomba wangu, ambaye hupakia mizigo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Yeye na mkewe wana bustani kubwa karibu na mto Nile, nao hulima bamia, mlenda, kunde na nyanya. Wakati wa mvua, tangu Aprili hata Oktoba hivi, mboga huwa tele. Lakini ndio wakati barabara nyingi za nchi hiyo hujaa matope zisipitike. Binti yao yuko Malakal na watoto wanne, na njia ya kumpelekea kitu upesi ni ndege. Mzigo wa ndege hupimwa, na kila kilo hulipiwa.

Basi tupige hesabu. Kilo 100 za bamia zikikaushwa vizuri hubaki kilo 11 hivi. Mtu aliyepeleka bamia mbichi amelipia safari ya maji, na huenda zikafika zimekwisha kuharibika.

Mkazamjomba alinifundisha kazi hii hatua kwa hatua.

Kwanza, kuvuna. Bamia huchumwa zingali changa, urefu wa kidole, kila baada ya siku moja au mbili. Zikiachwa hukomaa na kuwa na nyuzi, na mmea hupunguza kuzaa. Majani ya kunde na mlenda huchumwa kabla ya maua, asubuhi, umande ukiisha kukauka.

Pili, kutayarisha. Osha mboga kwa maji safi. Majani ya kunde yatie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu tu, kisha yachuje. Moto huo huzuia jani lisiendelee kuchakaa. Bamia hukatwa vipande vyembamba.

Tatu, kukausha. Tandaza mboga juu ya kichanja, si chini penye vumbi, ukazifunike kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Majani yafaa yakauke kivulini penye upepo, kwani jua kali huharibu vitamini A. Yakivunjika kwa sauti mkononi, yamekauka.

Nne, kuweka. Ngoja mboga zipoe kabisa, ndipo uzitie katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana. Ukizifunika zingali na joto, hutoa jasho na kuota ukungu. Bamia kavu huweza kutwangwa. Unga wake watu wa Sudan huuita weika, nao huufanya mchuzi kuwa mzito.

Ni kweli kwamba kukausha hupoteza vitamini C nyingi. Kwa hiyo mwenye mboga mbichi bustanini asiziache akala za kopo. Za kopo zina siku yake. Vita vilipozuka Juba mwezi wa Desemba 2013, mkazamjomba na watoto hawakuthubutu kutoka kwenda sokoni wala bustanini. Siku zile, alisema, mboga yao ilikuwa ya kopo.

Nawasihi wanafunzi wenzangu wajaribu wenyewe. Pimeni kilo moja ya mboga ya bustani ya shule, ikausheni, kisha ipimeni tena, mwandike tofauti daftarini. Hapo mtajua kwa mizani maana ya neno la wazee wetu kwamba akiba haiozi. Lakini mkumbuke pia kwamba haiozi ikiwa imekaushwa vema.